Daftari na Theluji: Maafa ya Ng'ombe katika Mbuga za Amerika ya Kaskazini, 1886–1887

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwaonya wale wasiojali kuandika mapato na matumizi yao, na hatuna nia ya kuibishia. Lakini historia hutupatia pia mifano ya mali iliyoandikwa katika daftari kwa wino mzuri, ikauzwa na kununuliwa katika miji ya mbali, na hata hivyo ikapotea. Tena ikapotea kwa sababu wenyewe waliitazama katika daftari tu, wasiende kuiangalia kwa macho yao.

Katika makala hii tutaeleza mfano mmoja wa namna hiyo, yaani maafa ya ng'ombe yaliyotokea katika mbuga za kaskazini za Marekani, huko Montana, Wyoming na Dakota, wakati wa majira ya baridi ya 1886–1887. Tutajiuliza maswali matatu. Kwanza, ng'ombe hao walifikaje huko, na kwa fikira gani? Pili, ni kitu gani hasa kilichowaua? Tatu, wafugaji waliosalia walibadilisha nini ili wanyama wao wapite salama katika baridi za miaka iliyofuata? Tutajaribu kuonyesha kwamba baridi peke yake haikutosha kuleta maafa yale. Msiba uliandaliwa wakati wa kiangazi, na kabla ya kiangazi uliandaliwa ofisini.

Yafaa kwanza tueleze jambo moja la lugha. Kipupwe, ile baridi ya miezi ya Juni hadi Agosti ambayo Kiswahili kimeipa jina, hakilingani na majira tutakayoyataja hapa. Theluji yenyewe wengi wetu hatujaiona ila kwa mbali, juu ya vilele vya Ruwenzori. Katika mbuga tunazozizungumzia, theluji huweza kufunika malisho kwa miezi kadhaa, mito huganda, na upepo huvuma pasipo mlima wala msitu wa kuuzuia. Kwa hiyo tutatumia maneno «majira ya baridi», tukimwomba msomaji ayape uzito kuliko yalio nao katika mazungumzo yetu ya kila siku.

2. Nchi kabla ya ng'ombe

Mbuga hizo hazikuwa tupu. Hadi katikati ya karne ya 19 zililisha mamilioni ya nyati wa Amerika. Mnyama huyo ana kichwa kikubwa na mabega yenye nguvu. Theluji inapofunika nyasi, huifagia kwa kichwa chake huku na huku mpaka ayafikie majani. Dhoruba inapovuma, huuelekea upepo, akasimama na kungoja. Mwili wake na nchi yake vilikuwa vimezoeana kwa maelfu ya miaka.

Wenyeji wa nchi, miongoni mwao Walakota, Wacheyenne, Wacrow na Wablackfeet, walikuwa na farasi wengi, nao walijua namna ya kuwapitisha katika majira ya baridi. Majira hayo yalipokaribia, waliziacha mbuga za wazi wakashuka katika mabonde ya mito, penye miti ya jamii ya mpopla. Miti hiyo ilikinga upepo, na maganda yake yalikuwa chakula cha farasi pindi theluji ilipozidi. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilihifadhiwa katika desturi na katika mafundisho ya wazee.

Elimu hiyo iliondolewa pamoja na wenyewe. Baada ya vita vya 1876 na 1877, watu hao walisukumwa katika maeneo madogo waliyotengewa na serikali. Wawindaji wa ngozi nao waliwaua nyati kwa bunduki, hata ilipofika 1883 kundi kubwa la mwisho la kaskazini lilikuwa limekwisha. Katika majira ya baridi ya 1883–1884, Wablackfeet wa Montana walikosa nyati, na posho waliyoahidiwa na serikali haikutosha. Mamia yao walikufa kwa njaa. Hayo yalitokea miaka ile ile ambayo magazeti ya mashariki ya Marekani na ya Uingereza yalikuwa yakiisifu nchi hiyo kuwa ni malisho yasiyo na mwisho. Hapana budi tulikumbuke jambo hilo, kwa maana nafasi waliyoingia ng'ombe haikutokea bure.

3. Namna mali ilivyohesabiwa

Huko kusini, katika Texas, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Tangu 1867 walisukumwa kwa miguu mpaka Abilene, katika Kansas, ambako reli iliwachukua kwenda kwenye machinjio ya mashariki. Baadaye wachungaji waliwafikisha mbali zaidi, hadi Wyoming na Montana. Ilionekana kwamba ng'ombe walioachwa mbugani wakati wa baridi walikuwa hai mwezi wa Aprili, na ilisimuliwa hata kwamba maksai waliotelekezwa katika theluji walikutwa wamenenepa. Miaka kadhaa yenye baridi ya kadiri iliwafanya watu waiamini habari hiyo kama kanuni.

Ufugaji uliotokana na imani hiyo ulikuwa rahisi mno. Ardhi ilikuwa ya umma, na mwenye ng'ombe aliilisha bila malipo. Hakukata nyasi za akiba wala hakujenga zizi. Mara mbili kwa mwaka wachungaji waliwakusanya wanyama: majira ya kuchipua ili kuwatia ndama alama kwa chuma cha moto, na majira ya kupukutika ili kuwachagua wa kuuzwa. Katikati ya nyakati hizo, ng'ombe walijitafutia wenyewe.

Habari za faida zilienea haraka. Mwaka 1881 afisa wa jeshi aliyeitwa James Brisbin alichapisha kitabu, The Beef Bonanza, kilichowaahidi wasomaji utajiri wa mbugani. Muda mfupi kabla ya hapo, wajumbe wawili waliotumwa kutoka Uingereza, Clare Sewell Read na Albert Pell, walikuwa wameripoti kwamba faida ya 33 kwa 100 kwa mwaka ilikuwa jambo la kawaida. Makampuni yakaundwa katika Edinburgh, Dundee na London. Mtu wa Scotland aliyekuwa na akiba ndogo aliweza kununua hisa katika ng'ombe ambao hatawaona maisha yake yote.

Basi ng'ombe hao waliuzwaje? Kuwakusanya na kuwahesabu wote ilikuwa kazi ndefu na ghali. Kwa hiyo wengi walikubali hesabu ya daftari. Mnunuzi alichukua idadi ya ng'ombe walioingizwa vitabuni, akaongeza ndama waliotazamiwa kuzaliwa kila mwaka, akaondoa waliouzwa, kisha akapunguza kisehemu kidogo kwa ajili ya vifo. Tarakimu iliyopatikana ndiyo iliyolipiwa. Hivyo ndivyo kampuni iliyoundwa Scotland mwaka 1883, Swan Land and Cattle Company, ilivyonunua makundi ya Alexander Swan huko Wyoming. Katika daftari ndama walizaliwa kila mwaka bila kukosa. Mbwa mwitu, wezi, ukame na baridi havikupewa nafasi kubwa.

Mfugaji wa milima ya Kivu au wa nyanda za Ituri angeshangaa. Kwake yeye ng'ombe hutambulika kwa rangi, kwa pembe na kwa mama aliyemzaa. Akikosekana mmoja jioni, pengo lake huonekana zizini. Hatusemi kwamba mfugaji huyo hapotezi wanyama. Tunasema kwamba anapowapoteza anajua ni wangapi, na ni nani.

4. Ishara za 1885 na 1886

Ishara za hatari hazikukosekana. Mwezi wa Agosti 1885, Rais Grover Cleveland aliamuru ng'ombe wa makampuni waondolewe katika ardhi ya Wacheyenne na Waarapaho, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Wenye ng'ombe walipewa siku 40. Zaidi ya ng'ombe 200,000 walisukumwa kuelekea malisho ya jirani yaliyokuwa yamekwisha kujaa. Januari 1886 dhoruba kubwa za theluji zilipiga Kansas na kaskazini ya Texas.

Hapo ilionekana tabia moja ya ng'ombe inayomtofautisha na nyati. Ng'ombe hauelekei upepo. Huupa mgongo, akatembea kule unakompeleka. Wafugaji wa kaskazini ya Texas walikuwa wamejenga ua mrefu wa seng'enge, kutoka mashariki hadi magharibi, ili kuwazuia ng'ombe wa kaskazini wasile malisho yao. Wanyama waliokuwa wakisukumwa na dhoruba walifika kwenye ua huo, wakasimama, wakarundikana na kufa kwa maelfu. Kitu kilichojengwa kwa kulinda malisho kiligeuka mtego.

Kiangazi cha 1886 kilikuwa kikavu. Nyasi za Montana na Dakota zilinyauka mapema, vijito vikakauka, na mioto ikateketeza sehemu ya malisho yaliyobaki. Wakati huo huo bei ya nyama katika Chicago ilikuwa imeshuka, na wengi hawakutaka kuuza kwa hasara. Waliwaacha ng'ombe mbugani wakingoja bei ya mwaka ujao. Wengine waliongeza makundi mapya kutoka kusini, yaliyofika yakiwa yamechoka kwa safari. Basi ng'ombe waliingia katika majira ya baridi wakiwa wengi, wembamba, na juu ya nyasi fupi. Tukitaka kujua siku msiba ulipoanza, si haki kuitaja siku ya theluji ya kwanza.

5. Majira yenyewe

Theluji ilianza kuanguka sana mwezi wa Novemba 1886, na Desemba ikaongezeka. Katikati ya majira ulipita muda mfupi wa joto. Sehemu ya juu ya theluji iliyeyuka, kisha baridi ikarudi ghafula, na yale maji yakawa barafu juu ya nyasi. Farasi hupasua tabaka kama hilo kwa kwato zake. Ng'ombe hajui kufanya hivyo. Alisukuma kwa pua mpaka ikatoka damu, na ncha za barafu zikamchuna miguu. Chakula kilikuwa chini yake, asiweze kukifikia.

Tarehe 9 Januari 1887 dhoruba nyingine ilianza, na joto likashuka mahali pengine kupita digrii 40 chini ya sifuri, kiwango ambacho vipimo vya Celsius na Fahrenheit hukutana. Mwishoni mwa mwezi huo ikaja iliyokuwa kali kuliko zote. Ng'ombe waliingia katika makorongo wakitafuta kinga, wakafunikwa na theluji humo. Wengine walikwenda juu ya mito iliyoganda wakitafuta maji, barafu ikavunjika. Wengine walifika katika miji midogo, wakasimama kando ya nyumba, wakitafuna chochote walichokipata. Wachungaji walijaribu kuwaelekeza mabondeni, lakini bila nyasi za akiba hawakuwa na cha kuwapa.

Katika bonde la Judith, kijana mchungaji aliyeitwa Charles Russell alikuwa akiangalia kundi la mtu aliyekaa mjini Helena. Ilipoulizwa hali ya ng'ombe, Russell alichora kwa rangi za maji, juu ya kipande kidogo cha karatasi, ng'ombe mmoja aliyekonda, amesimama theluji mpaka miguuni, na mbwa mwitu wakimngoja. Picha hiyo ilipelekwa badala ya maneno. Baadaye Russell alikuwa mchoraji mashuhuri, na picha hiyo ikajulikana kuliko taarifa yoyote ya kampuni.

Mwezi wa Machi upepo wa joto ulipofika na theluji kuyeyuka, mito iliyofurika ilichukua mizoga. Idadi inayotajwa mara nyingi kwa Montana ni kwamba karibu ng'ombe 60 katika kila 100 walikufa, ingawa hasara haikuwa sawa kila mahali. Theodore Roosevelt, ambaye mwaka 1901 alikuwa Rais wa Marekani, alipoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe wake katika Dakota. Alexander Swan alifilisika mwaka huo huo wa 1887.

Hapa tunafikia jambo linalomhusu mwanahistoria hasa. Hesabu kamili ya waliokufa haiwezi kupatikana, kwa sababu hesabu ya waliokuwa hai haikujulikana. Theluji iliwapa mameneja nafasi ya kufuta katika daftari ng'ombe ambao huenda hawakuwako kamwe. Inasimuliwa kwamba katika mji wa Cheyenne mwenye kilabu mmoja aliwafariji wateja wake, waliokuwa na huzuni kwa ajili ya baridi, akiwaambia kwamba lolote litokee, daftari haziwezi kuganda. Watu walicheka, kwa kuwa walimwelewa vizuri.

6. Ng'ombe na baridi

Elimu ya mifugo ya siku hizi hutusaidia kufahamu maafa yale. Ng'ombe si mnyonge mbele ya baridi. Akiwa na afya, mafuta ya kutosha na manyoya mazito makavu, huivumilia hali ya hewa mpaka kiasi cha digrii 7 au 8 chini ya sifuri bila kuhitaji chakula cha ziada. Ndani ya tumbo lake kubwa majani huchachuka, na kuchachuka huko huleta joto. Ndiyo kusema nyasi kavu ni kuni za mwili wake. Baridi ikizidi kiwango hicho, lazima aongezewe majani, tena kabla ya dhoruba kufika.

Lakini manyoya yakilowa, kinga hiyo huvunjika. Ng'ombe aliyelowa huanza kuteseka hata katika digrii 15 juu ya sifuri. Upepo nao humpokonya joto haraka, na kwa hiyo ukuta wa mbao au safu ya miti iliyopandwa humsaidia kuliko wengi wanavyodhani. Tena anahitaji maji: asipokunywa hali vizuri, na asipokula hapati joto. Mfugaji hulazimika kuvunja barafu kila siku. Ndama aliyezaliwa usiku wa baridi asipokaushwa na kunyonya upesi, masikio yake huganda, au hufa kabla ya asubuhi.

Tukiyalinganisha hayo na hali ya 1886, tunaona kwamba kila kinga ilikuwa imeondolewa mapema. Mafuta ya mwili hayakuwako kwa sababu ya ukame na wingi wa wanyama. Nyasi kavu hazikukatwa. Mabonde yenye miti yalikuwa mengi, lakini makundi yalikuwa makubwa mno kuingia humo.

7. Somo la nyasi kavu

Granville Stuart, aliyeishi Montana na kusimamia moja ya makundi makubwa, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba baada ya majira yale kazi ile ilimchukiza, na kwamba hakutaka tena kumiliki mnyama ambaye hawezi kumlisha wala kumpa kinga. Maneno yake yalikuwa ya mtu aliyeiacha kazi, lakini yaligeuka kuwa kanuni ya wale walioendelea nayo.

Mmoja wao alikuwa Conrad Kohrs, mzaliwa wa Holstein aliyekuja kutafuta dhahabu akawa mfugaji katika bonde la Deer Lodge. Naye alipata hasara kubwa, lakini benki ya mjini Butte ilimkopesha dola 100,000, akaanza upya. Yeye na wengine walipunguza makundi, wakazungushia mashamba ua, wakapitisha mifereji ya maji na kupanda nyasi za kukata. Katika Montana mashamba ya nyasi, yaliyokuwa ya maelfu ya eka mwaka 1880, yalifikia laki kadhaa mwaka 1900. Katika bonde la Big Hole wafugaji walibuni chombo kikubwa cha miti cha kupandishia nyasi na kufanya marundo, kilichopata hati ya uvumbuzi mwaka 1910. Bonde hilo likajulikana kwa marundo yake.

Maisha ya mchungaji yalibadilika pia. Yule mpanda farasi wa hadithi na wa sinema alishuka chini, akashika uma wa nyasi. Kiangazi chake chote kilikuwa kazi ya kukata, kukausha na kurundika, na majira ya baridi akawapelekea ng'ombe chakula kwa sleji iliyokokotwa na farasi. Kazi hiyo haina sifa nyingi katika nyimbo, lakini ndiyo iliyowaokoa wanyama.

Si kwamba baridi ilishindwa kabisa. Katika majira ya 1948–1949 theluji ilifunga barabara za Nebraska, Wyoming na majimbo jirani, hata ndege za jeshi la Marekani zikatumwa kuangusha nyasi kutoka angani. Mapema mwezi wa Oktoba 2013, katika South Dakota, mvua ya baridi ilifuatwa mara moja na theluji nzito na upepo. Ng'ombe walikuwa bado katika malisho ya kiangazi, yasiyo na kinga, na manyoya yao ya baridi hayajaota. Walilowa, wakatembea na upepo, wakafa kwa maelfu mengi, ingawa akiba za nyasi zilikuwako. Tofauti na 1887 ni hii: mara hii wafugaji walizunguka makorongoni wakisoma namba za masikioni, na kila mmoja alijua ng'ombe aliyempoteza.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba ng'ombe wa 1886–1887 waliuawa kwa theluji iliyokuta njaa, na njaa hiyo ilitokana na hesabu iliyofanywa mbali na malisho. Wenye hisa walipoteza fedha; wachungaji walipoteza kazi; wenyeji walikuwa wamekwisha kupoteza nchi kabla ya hao wote. Mnyama mwenyewe hakuwa na sauti katika daftari lolote.

Methali tuliyoanza nayo inabaki kweli, lakini inahitaji mwenzake, nao Waswahili wanaye: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtaji ulioingia mbugani kama mgeni ulikula siku nyingi bila kushika jembe. Wafugaji waliobaki Montana ni wale waliokubali kulishika wakati wa jua kali, mwezi wa Julai, ambapo hakuna mtu anayefikiri habari za theluji.